Mama Muzee wa Kwenye Kitambaa Cheupe

Faustini mwanangu,

Nimekuona ukishuka kilima kwenda kuaga shangazi zako. Najua watakukawisha, ju hakuna nyumba itakuacha upite bila kukula. Nimepata fasi ya kuandika wakati jua lingali juu. Mama yako mudogo iko inje, anapiga shati lako pasi ya makaa na kuitukana ile pasi. Mambo ya shati, ya chumvi, ya kutokunywa pombe ya watu usiowajua, utayasikia kwake. Mudomo wake unatosha kijiji chote cha Muheto. Mimi nakuandikia jambo moja. Ukilimaliza kusoma, pengine hutaniita tena Baba. Nimejua hivyo mbele ya kuanza, na nimeanza.

Kesho kamio ya sinema itakuchukua pale barabarani. Mutapita Burungu, mutazunguka Masisi, kisha mutashuka Walikale mpaka Hombo. Shofere njo aliniambia jana. Aliniambia pia kwamba filamu ile ya zamani ingali ndani ya sanduku, ile ya mutoto mugonjwa na mama muzee wa kibuyu. Wewe utashika mikro na kuisemea kwa maneno yangu, yale umenisikia nikiyasema kila mara pombe inatoka. Basi, mbele ya kufika Hombo kuko kijiji kimoja, na ndani ya kijiji hicho kuko mama muzee anaitwa Sabina. Ukiyasema maneno hayo pale, watamuua. Mara ya kwanza walikosa kidogo tu.

Unanijua. Mimi njo Anzelmi, muntu wa kwanza wa huku kwetu kusemea picha. Nilisoma miaka mitatu tu kwa mapadri, lakini walinitafuta mimi, si wale wa miaka sita, ju sauti yangu ilifika ngambo ya muto bila mikro. Nilibeba motere ya sinema mugongoni, peke yangu, kupita daraja ya miti, wanaume wane wameikataa. Leo nasema vizuri: walikuwa wawili, na mumoja alikuwa na homa. Kule Burungu nilipigana na wachungaji watano wa ngombe na fimbo zao, ju walitaka filamu irudie mwanzo na Padri alikuwa amechoka. Hiyo ni kweli, isipokuwa sikushinda. Niliacha meno mawili kwenye majani, na Padri alinivuta na miguu mpaka chini ya kamio. Na kovu hili juu ya jicho, la chui niliyemupiga na kiti kule porini, hilo tutalifikia.

Wakati ule, vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha sawa miaka miwili, picha hazikuwa na sauti. Zilitembea kimya juu ya kitambaa cheupe, na Padri mwenye ndevu alinipa karatasi ya maneno. Ya filamu hii ilikuwa fupi. Mutoto anashikwa na homa. Mama muzee, mama wa mama yake, anamuletea majani ndani ya kibuyu. Baba anakataa, anamubeba mutoto kwa dispensere, munganga anamupiga sindano, mutoto anapona. Mama muzee anabaki nyuma ya nyumba, anaangalia. Karatasi ilisema hivi: "Huyu mama anamupenda mujukuu wake, lakini dawa ya munganga hajaijua bado." Ni hayo tu.

Mara ya kwanza, pale Masisi, nilisoma vile iliandikwa. Watu walipiga miayo. Mwanaume mumoja alisema kule nyuma, "Anzelmi, hiyo hata mbuzi wangu anaijua."

Haya ilinichoma mpaka masikio. Basi mama muzee aliporudi kwenye kitambaa, nikageuza sauti, nikasema polepole, "Mumuangalie vizuri huyu. Munafikiri ni majani?" Wale wa nyuma walinyosha shingo. "Amekwisha kula wajukuu wawili. Huyu ni wa tatu. Muangalie macho yake."

Faustini, yule mama alikuwa anafumba macho ju ya moshi wa jiko. Lakini nyuma ya maneno yangu hakuna aliyeona moshi. Walipiga kelele, walikirushia kitambaa mawe mpaka kikatoboka, na Padri alicheka, ju kelele ya motere ilimuziba masikio na alifikiri wamemufurahia munganga. Siku ile niliona kitu ambacho sikukisoma katika buku yoyote: picha haina mudomo, na muntu mwenye mikro njo anaamua nani mubaya. Ilinipasa kuogopa. Nilifurahi.

Kisha nikaongeza utamu mwingine, na wewe umeurithi. Kila kijiji, mbele ya giza, nilizunguka nikiuliza: nani hapa ni mulevi, nani anapigwa na muke wake, mama muzee gani iko na kibuyu. Filamu ikianza, niliwapa wale wa kwenye picha majina ya watu wa pale pale. Watu walikufa na kicheko. Wamama walishikilia matumbo. Na asubuhi, mbele jua halijatoka, kamio ilikuwa imekwenda, na muntu aliyetajwa amebaki.

Habari zilinifuata nyuma. Fasi moja walimuchomea mama mumoja nyumba, na mbegu zake za maharagi ndani. Fasi nyingine walimufunga mwingine na kamba za migomba, wakamunywesha maji ya muti mpaka akatapika damu, ili aonyeshe alipoficha uchawi. Muntu aliyenihadisia alikuwa ananiangalia usoni. Nilimuambia, "Watu wa kule ni wakali," nikaomba pombe nyingine.

Ukifikiri sana utaona kwamba haikuwa filamu hiyo moja tu. Nilisemea filamu nyingi kwa miaka ile. Kijana aliingia kwenye kitambaa kwa kushinda, binti kwa kuolewa, baba kwa kutubu pombe. Mama muzee aliingia kwa kufukuzwa. Mara iko na kibuyu, mara anakataza binti asiende masomo, mara anatupa maji machafu njiani na watoto wanamucheka. Hakuna filamu hata moja ilimuonyesha akikula chakula chake na amani. Na hao waliochezea picha walikuwa wamama wa kweli, waliitwa kutoka mashambani, wakaambiwa, "Kunja uso." Mimi nilimalizia kazi ambayo wengine walianza. Lakini nimezoea kujisifu kwa kazi ya watu wengine, basi leo nisiwape wao kosa langu.

Sasa Sabina.

Ulikuwa unaambiwa kwamba koko wako, mama wa mama yako, alikuleta kwangu mwenyewe, akasema, "Mulee, mimi nimezeeka." Mimi njo nilitunga hayo. Yeye hajayasema hata siku moja. Koko wako njo Sabina.

Ndugu yangu Mateo, baba yako, alifunikwa na udongo ndani ya machimbo ya Walikale. Mama yako Esteri akamufuata miezi michache nyuma, kwa kuzaa mutoto ambaye hakulia. Ulikuwa na miaka mitatu. Koko wako akakubeba. Mimi nikaenda kukuchukua, ju kwetu mutoto ni wa kwa baba yake, na ju mama yako mudogo alikuwa hajapata mutoto. Nilivaa kofia ya kazi ya sinema ili waniogope. Nilimukuta nyuma ya nyumba anatwanga muhogo, na wamama wawili pembeni wanapepeta.

"Nimekuja kwa mutoto," nilisema.

"Mutoto anakula. Akishiba utamuona."

"Mama, mimi njo baba yake sasa."

"Wewe?" Hakuacha kutwanga. "Mateo alilala siku mbili chini ya udongo, watu wanamuchimba na makucha. Wewe ulikuwa wapi, Baba wa makelele? Ulikuwa unasemea picha."

Wale wamama walicheka. Nilinyanyua mukono nimupige, muzee sawa mama yangu. Alinitazama chini mpaka juu, akasema, "Piga. Kisha ushike huu muti umalizie muhogo, ju mimi nitakuwa nimelala." Wamama walicheka mpaka mumoja akamwaga unga. Nikarudi barabarani mikono mitupu, nikitembea siku nzima, nikitukana miti.

Miezi sita nyuma ya hapo, kamio ikafika kijiji kile. Siku hiyo sikuzunguka kuuliza majina. Jina nilikuwa nalo.

Watu walijaa, hata wawindaji walitoka porini na mikuki. Wiki ile surua ilikuwa imeua watoto wawili pale, na baba wa mumoja alikaa mbele kabisa, panga lake juu ya magoti. Nilimuona. Naandika kwamba nilimuona, ili usinitafutie kisingizio.

Mama muzee wa kibuyu akatokea kwenye kitambaa. Nikasema, "Huyu munamujua."

"Nani?" wakauliza.

"Sabina wenu."

Walicheka, na kicheko kile kilitosha. Muntu mwingine angeishia pale. Lakini nilisikia wamama wale na muhogo wao ndani ya kichwa, nikaongeza, "Sabina aliyemukula Esteri, binti wa tumbo lake, pamoja na mutoto ndani. Kwake amemaliza. Sasa anakula kwenu."

Hakuna aliyecheka.

Koko wako alikuwa nyuma ya watu wote, wewe mugongoni mwake. Hakukimbia. Alikuja katikati yao, akapita mbele ya mashini, na kivuli chake kikasimama juu ya kitambaa, kikubwa kuliko picha yenyewe. "Anzelmi," alisema, "pengine masikio yangu yamezeeka. Sema tena."

Padri alikuwa kule nyuma ya kamio anaijaza motere mafuta, hakusikia kitu. Mikro ilikuwa mukononi mwangu. Njia ilikuwa wazi mbele yangu sawa barabara. Ningesema, nimechezea, mama, unisamehe, na watu wangenicheka mimi. Wewe leo ungekuwa mwindaji wa Walikale, hunijui. Macho yote yalinitazama. Nilisema tena. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko mara ya kwanza.

Yule baba alianza na ubapa wa panga, kwenye shingo. Koko wako alianguka na magoti. Akakuzungusha kutoka mugongoni mpaka tumboni, akakulalia. Wengine wakaja na kuni, na mawe, na viti walivyokalia. Walitaka kukutoa ili wamufikie vizuri, na mukono wake haukufunguka, basi wakaupiga ule mukono. Nilisikia mufupa. Mara ya kwanza, na mara ya pili wa chini yake. Juu ya migongo yao picha ilikuwa ingali inatembea, munganga na koti lake jeupe anatabasamu, sindano yake inaingia katika mugongo wa muntu anayepiga. Kisha jiwe likavunja taa ya mashini, na kukabaki tu moto wa wauza nyama ya kuchoma, karibu na pale koko wako alianguka.

Mimi niliingia kati. Nilikuwa nakuambia kwamba nimeokoa watu wengi katika fujo. Siku ile niliingia kwa kukuchukua wewe, si kwa kumutoa yeye. Nilikuvuta na mukono mumoja kutoka chini yake. Alikuwa ameokota kijinga cha moto, na mukono uliobaki akanipiga nacho hapa juu ya jicho, harufu ya nyama yangu mwenyewe ikaingia puani. Njo ule chui. Chui wa kweli sijamuona maisha yangu yote, nimeona ngozi tu kwa mwami, mutawala wetu. Koko wako akashika mukanda wangu. Nikamupiga teke kifuani, mara mbili, mpaka akaachilia.

Nilikurusha ndani ya kamio. Padri aliuliza, "Ni pombe?" Nikamujibu, "Ni pombe, Padri." Shofere akakanyaga mafuta.

Njo vile ulipata kuwa mutoto wangu.

Ulilia mpaka Walikale, kisha ukanyamaza miezi. Mama yako mudogo alifikiri wewe ni bubu. Mpaka ukamaliza miaka kumi, ukisikia motere yoyote ulikuwa unaingia chini ya kitanda na kuziba masikio, na mimi nilikuwa nawaambia wageni, "Huyu ni mwoga sawa mama yake." Nyuma ya muda Muzungu wa serikali alipita kijiji kile, akawalaza chini wanaume watano, akawachapa fimbo mpaka suruali zikashikamana na ngozi. Yule wa panga, walisema, hakupona vizuri mugongo wake. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikuwa kamio nyingine, kijiji kingine, nayasema maneno yale yale. Ndiyo, Faustini. Sikuacha. Nilifanya miaka miwili tena, na nikayafanya matamu zaidi.

Niliacha kwa jambo dogo. Ilikuwa Burungu. Filamu ilikuwa haijaanza hata, nilisema tu "Haya, wamama," na mama muzee mumoja aliyekuja na kibuyu cha maziwa ya kuuza akakificha chini ya nguo yake. Aliniangalia vile mbuzi anaangalia muntu anayenoa kisu. Kumbe walinijua. Kumbe habari yangu ilinitangulia, si ile niliyofikiri. Niliweka mikro chini. Nilimuambia Padri koo inaniuma. Nikawaambia watu kwamba nimekataa mushahara wa Wazungu. Haikuwa koo wala mushahara. Ilikuwa kibuyu cha maziwa.

Sasa tufike mwezi uliopita, hapa hapa Muheto. Musemaji wa kamio ya sinema alianguka na homa, ukanyosha mukono, ukasema, "Mimi nayajua yote, ni ya baba yangu." Nilikuwa nyuma kabisa, nimesimama. Ulisema kila kitu, na macho, na wajukuu wawili, na ile kupumzika kidogo mbele ya neno. Ulisema vizuri kuliko mimi. Watu walilia na kicheko. Ukampa yule wa kwenye picha jina la jirani yetu, Mama Venansia, ambaye alikupikia supu wakati wa homa yako ya utoto. Na Muzungu mupya, ambaye hajui neno hata moja la lugha yetu, aliona tu watu wanafurahi. Njo umepata kazi.

Asubuhi yake mbuzi wa Mama Venansia alikutwa amekatwa miguu yote miwili ya nyuma, angali anapumua. Ulikuja kunihadisia. Ulisema, "Ni vijana tu, Baba, ni muchezo." Nikakujibu, "Ni muchezo." Nilienda mimi mwenyewe kumumalizia yule mbuzi, ju Mama Venansia hakuweza. Alishika kichwa cha mbuzi mapajani, mimi nikachinja. Hapo njo ilinipasa kukuambia haya yote. Lakini niliosha damu, nikakaa kula.

Lakini kuko jambo lingine la siku ile, na wewe labda hulikumbuki. Nyuma ya filamu ya kibuyu waliweka nyingine, mupya, ambayo imetoka juzi. Hukuwa na maneno yake. Wanaume wawili wanagombania mupaka wa shamba, wameshika mapanga, mumoja amekwisha kukatwa panga begani. Mama muzee anatoka katikati ya mahindi. Nilingoja wamufukuze. Hakuna aliyemufukuza. Aliyekuwa anashika mashini ya kupiga picha alisogea karibu naye, karibu, mpaka uso wake ukajaza kitambaa chote, mukubwa sawa mulango wa kanisa, na mikunjo yote, na jicho moja linalotoa maji. Alinyosha mukono tu. Mumoja akampa panga. Wa pili akakawia, mama akabaki amenyosha mukono, akangoja, na wa pili pia akatoa. Kisha akaketi juu ya jiwe na mapanga mawili mapajani, akakula muhindi. Faustini, mama muzee alikula. Nimeona filamu miaka yote ile, na hiyo ilikuwa ya kwanza.

Na wewe ulinyamaza. Ulishika mikro, hukujua useme nini, ukanyamaza mpaka mwisho. Watu wote kimya, hata walevi. Niliwaangalia wamama wazee. Wakati wangu walikaa nyuma, karibu na njia ya kukimbilia. Siku ile waliinuka mumoja mumoja, wakasogea mbele. Mimi ninayejisifia sauti, nakuambia hivi: sijawahi kufanya kazi nzuri sawa ile uliifanya ukifunga mudomo.

Sijui nani kule kwa Wazungu ameamua kumuonyesha mama muzee namna hiyo. Pengine ni muntu mupya, pengine wamechoka na yule wa kibuyu. Lakini hawajatupa ile ya zamani. Zote mbili ziko ndani ya sanduku moja, na utazibeba zote mbili mpaka Hombo.

Kwa nini najua Sabina iko muzima? Miaka miwili iliyopita niliwaambia ninyi kwamba naenda kutafuta mafuta ya ngazi, yale ya mawese. Nilienda kwake. Wanaume wa kijiji hawamutaki, nyumba yake iko peke yake kule mwisho, mbele ya pori. Nilisimama nyuma ya migomba. Alikuwa anatwanga na mukono mumoja. Ule mwingine umepona umepinda, unaelekea nyuma, sawa si wake. Watoto wawili walipita, wakamurushia udongo, wakaimba maneno. Faustini, yalikuwa maneno yangu. Hawakuwa wamezaliwa wakati ule, na waliyajua, na macho, na wajukuu wawili, na kupumzika kidogo mbele ya neno. Yeye alitoa udongo ndani ya kinu na vidole, akaendelea. Nilibaki pale mpaka miguu ikafa ganzi. Sikutoka. Mimi niliyepigana na watano, nilishindwa kutembea hatua makumi matatu kwenye uwanja wa mama mwenye mukono mumoja. Nikanunua mafuta, nikarudi, nikawahadisia kuhusu nyoka.

Njo hayo. Nimetafuta namna ya kuyaandika ili nibaki muntu mukubwa ndani yake, nimekosa.

Muzungu atataka ile filamu ya zamani kila kijiji, ju inachekesha. Utafanya namna gani, sijui. Unaweza kuisema vile karatasi ilisema: huyu mama anamupenda mujukuu wake. Unaweza kusema anafumba macho ju ya moshi, watu watafute moshi, watauona, ungali pale tangu mwanzo. Unaweza kukataa wakufukuze. Mimi sikuweza hata kimoja cha hivyo, basi nisikufundishe. Lakini usimwachie mikro muntu mwingine katika kijiji kile. Maneno yale wanayajua wote, na yule wa panga iko muzima, na mugongo wake unamuuma kila mvua, na anajua kwa sababu ya nani. Anafikiri ni kwa sababu ya Sabina.

Kamio itafika kule mangaribi, jua likishuka. Nyumba yake utaiona, ile ya mwisho, upande wa pori. Uende mbele motere haijawashwa. Hatakujua. Atakuuliza wewe ni mutoto wa nani, na mimi sitakuwa pale kukusemea. Ana haki ya kukupiga pia, una sura yangu. Na akisema, "Kaa," ukitaka kukaa, kaa. Nguo zako nyingine nitazituma na kamio za mafuta. Mama yako mudogo nitamuambia mimi mwenyewe, kesho, ukiisha kwenda. Yeye pia hajui. Alifikiri amepewa wewe.

Barua hii nitaishona ndani ya mufuko wa koti lako. Utaisikia na mukono barabarani, ukisoma mbele ya Burungu ao nyuma, ni sawa; nataka tu uwe mbali ili nisione uso wako.

Miezi mitatu, shofere alisema, kisha kamio itarudi kupita hapa Muheto, na watatandika kitambaa pale pale uwanjani. Nitakuja. Nitakaa mbele, pamoja na wamama wazee, ikiwa watanipa fasi. Motere ikiwaka, nitasikiliza ni sauti ya nani inatoka kwenye mikro. Ikiwa ni ya muntu mwingine, nitajua kwamba umebaki kwa koko wako, na nitaketi hivyo hivyo, niangalie filamu mpaka mwisho.

Anzelmi, ndugu ya baba yako